Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago

Waumini wengi hulisikia jina la Sipriani katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, likitajwa baada ya Korneli na kabla ya Laurenti, bila kuambiwa kwamba mwenye jina hilo alikuwa askofu katika bara la Afrika, aliyeongoza Kanisa lake kwa takriban miaka kumi ya dhuluma, tauni na mafarakano. Majibu yafuatayo yanatokana hasa na barua zake mwenyewe, ambazo ni nyingi, na wasifu ulioandikwa na shemasi wake Ponsio, pamoja na kumbukumbu za mashtaka yake zilizohifadhiwa na Wakristo wa Karthago. Suala moja litajitokeza tena na tena, kwa sababu ndilo lililomsumbua Sipriani kuliko hata tishio la upanga: Kanisa liwafanyie nini waumini walioikana imani kisha wakaomba kurudi?

Sipriani alikuwa nani, na Karthago iko wapi?

Thascius Caecilius Cyprianus, ambaye kwa Kiswahili tunamwita Sipriani, alikuwa askofu wa Karthago tangu mwaka 248 au mwanzoni mwa 249 hadi alipokatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Karthago ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Kirumi lililoitwa Afrika, na magofu yake yapo leo pembeni mwa jiji la Tunis, nchini Tunisia, kwenye mwambao wa Bahari ya Mediteranea. Ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dola, uliolisha Roma kwa ngano na mafuta ya zeituni, na Kanisa lake lilikuwa limekwisha kuzoea kuandika kwa Kilatini wakati Kanisa la Roma lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kukiacha Kigiriki.

Wengi huuliza kama alikuwa Mwafrika. Alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, wa jamii iliyochanganya Waberiberi, wazao wa Wafoinike na walowezi wa Kirumi. Ponsio, aliyemfahamu kwa karibu, anatusimulia kwamba uso wake ulikuwa na uzito na uchangamfu kwa pamoja, na kwamba mavazi yake hayakuwa ya fahari wala ya kujionyesha fukara. Rangi ya ngozi yake hakuona haja ya kuiandika.

Aliingiaje katika Ukristo?

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 3 katika familia ya kipagani yenye mali, akasomea ufasaha wa kusema, fani iliyomfungulia mtu milango ya mahakama na siasa, kisha akaifundisha mjini Karthago. Aliongoka akiwa mtu mzima, yapata mwaka 246, kwa urafiki wa padre mmoja mzee aitwaye Caecilianus, ambaye alipokuwa anakaribia kufa alimkabidhi Sipriani mke wake na watoto wake awatunze.

Katika andiko alilomwandikia rafiki yake Donatus, Sipriani anaeleza jinsi alivyoona kuwa ni jambo lisilowezekana kwa mtu aliyezoea karamu, nguo za thamani na heshima za vyeo kuzaliwa mara ya pili, mwili wake ukiwa uleule na moyo wake ukiwa mwingine. Hata kabla ya kubatizwa alikuwa ameanza kuuza mali zake na kuwagawia maskini. Bustani alizoziuza zilirudi baadaye mikononi mwake, na Ponsio anasema kwamba angeziuza tena kwa ajili ya maskini kama asingechelea kuamsha husuda katika kipindi cha dhuluma.

Iliwezekanaje mtu aliyebatizwa karibuni akawa askofu?

Watu walimtaka. Umati ulijaa nyumbani kwake na kuziba njia za kutokea mpaka akakubali, miaka miwili hivi tu baada ya ubatizo wake. Mapadre watano, ambao bila shaka walijiona wana haki zaidi kwa utumishi wao wa muda mrefu, walimpinga, na upinzani wao haukuisha. Ulisubiri nafasi tu. Pengine ndiyo maana Sipriani alikuwa mwangalifu sana kuwashirikisha wengine: aliwaandikia mapadre na mashemasi wake kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake alikuwa ameazimia kutofanya jambo lolote kwa rai yake binafsi, bila ushauri wao na bila idhini ya watu.

Kwa nini alijificha wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius? Je, hakuwa mwoga?

Swali hili lilianza kuulizwa akiwa bado mafichoni, na linastahili jibu refu.

Mwishoni mwa mwaka 249 Decius aliamuru kila mkazi wa dola atoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa wa serikali. Tarehe 20 Januari 250 Papa Fabiani aliuawa mjini Roma, na huko Karthago umati ukawa unapiga kelele kwamba Sipriani atupiwe simba. Aliondoka mjini akajificha, na serikali ikatangaza kutaifishwa kwa mali zake kama mali za “askofu wa Wakristo”.

Mapadre wa Roma, ambao walikuwa bado hawajapata Papa mwingine, waliwaandikia wenzao wa Karthago barua iliyogusia maneno ya Injili juu ya mchungaji wa mshahara ambaye humwona mbwa-mwitu akaja, akawaacha kondoo. Barua hiyo ilipomfikia Sipriani, aliirudisha Roma akiomba waithibitishe, akisema kwamba mwandiko wake, maana yake na hata karatasi yenyewe vilimtia shaka. Ni jibu la mwanasheria, na pia ni jibu la mtu aliyeumizwa. Baadaye aliwaeleza kwamba alijitenga kwa kufuata agizo la Bwana, na kwa sababu kuwapo kwake mjini kungezidi kuwachochea wapinzani dhidi ya ndugu wote, akawapelekea nakala za barua 13 alizokuwa amewaandikia watu wake ili waone kwamba hakuwa ameiacha kazi.

Utetezi wake mzito zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya barua hizo. Anaagiza wajane, wagonjwa, maskini na wageni walio na shida wapewe fedha kutoka sehemu yake mwenyewe aliyoiacha kwa padre Rogatianus, kisha anatuma nyongeza kwa mkono wa akoliti, yaani mtumishi wa Kanisa wa daraja la chini, akihofu kwamba ile ya kwanza imekwisha. Anataka tarehe za vifo vya wafungwa zihifadhiwe ili wakumbukwe pamoja na wafiadini. Anawaonya mapadre wasiende gerezani makundi kwa makundi, bali wapokezane, padre mmoja na shemasi mmoja, walinzi wasije wakashtuka. Mtu anayekimbia kuokoa roho yake tu hawazi mambo madogo ya namna hii. Na miaka minane baadaye, alipokataa kukimbia ingawa marafiki wenye vyeo walimwahidi mahali salama, sababu aliyoitoa ilihusu tena watu wake.

“Walioanguka” walikuwa akina nani?

Walikuwa Wakristo waliotii amri ya Decius, na walikuwa wengi kiasi cha kutisha. Kanisa la Karthago lilikuwa limekaa kwa amani karibu miaka 40, na Sipriani hakuficha kwamba amani hiyo ililidhoofisha. Anawataja hata maaskofu walioacha majimbo yao wakizunguka masokoni kutafuta faida na kukopesha kwa riba.

Anasimulia yaliyotokea siku za mwanzo, na simulizi lake ni chungu kulisoma. Watu walikimbilia uwanja wa mji kabla hata ya kuitwa, wakiwa wameleta wenyewe mnyama wa sadaka na ubani wa kufukiza. Jioni ilipoingia na maofisa wakataka kuahirisha kazi mpaka kesho yake, wapo waliowasihi wasiahirishwe. Wengine walibeba watoto wachanga mikononi.

Kanisa liliwagawa katika makundi. Wapo waliotoa sadaka kamili, wapo waliofukiza ubani tu, na wapo waliojipatia hati ya kuonyesha kwamba wametoa sadaka, kwa kuhonga ofisa au kumtuma mtu, ilhali hawakutoa. Mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia zaidi ya hati 40 za aina hiyo, zilizoandikwa kwenye mafunjo katika mwaka 250. Mtu anajitaja jina lake na kijiji chake, anaeleza kwamba siku zote amekuwa akitoa sadaka kwa miungu, na kwamba sasa, mbele ya tume, ametoa sadaka, amemimina kinywaji na kuonja nyama. Kisha anaomba hati yake itiwe saini.

Wengine walikataa hadi mwisho, wakafungwa, wakateswa, na baadhi wakafa gerezani kwa njaa na kiu. Walionusurika waliitwa waungama imani, na heshima yao mbele ya watu ilikuwa kubwa kuliko ya padre yeyote.

Kwa nini waungama imani waligombana na askofu wao?

Ilikuwa desturi kwamba mfiadini anayekaribia kufa anaweza kumwombea aliyeanguka, na askofu akalipa ombi hilo uzito. Lakini mwaka 250 desturi hiyo ilivuka mpaka. Waungama imani, au watu waliotumia majina yao, walianza kutoa barua za amani kwa wingi, nyingine zikisema tu kwamba fulani apokewe kwenye Komunyo “pamoja na watu wake”, maneno ambayo, kama Sipriani alivyolalamika, yangeweza kuwaingiza watu ishirini au thelathini, na hata zaidi, kwa karatasi moja. Mwungama mmoja, Lucianus, alimwandikia askofu wake kwa ufupi kumjulisha kwamba waungama wote wamewapa amani walioanguka wote. Baadhi ya wale mapadre waliompinga tangu mwanzo walizikubali barua hizo na kuwapa watu Ekaristi papo hapo, bila toba na bila kuwekewa mikono.

Ugumu wa Sipriani ulikuwa dhahiri. Yeye aliyekuwa mafichoni alipaswa kuwaambia watu wenye makovu ya mateso kwamba wamekosea. Aliwaandikia kwa heshima kubwa, akawasifu, akawaomba wawapime wanaowaombea mmoja mmoja kwa majina. Lakini jambo lenyewe hakuliachia. Alishikilia kwamba walio katika hatari ya kufa wapokewe mara moja, na wengine wangoje dhuluma itulie ili maaskofu waketi pamoja na kuamua.

Sinodi ya mwaka 251 iliamua nini?

Sipriani alirudi mjini baada ya Pasaka ya mwaka huo, akasoma mbele ya maaskofu waliokusanyika Karthago maandiko yake juu ya walioanguka na umoja wa Kanisa. Sinodi ilikataa njia mbili zilizokuwa rahisi: kuwarudisha wote bila masharti, na kuwafungia wote mlango milele. Waliojipatia hati tu walirudishwa baada ya kila mmoja kuchunguzwa na kufanya toba. Waliotoa sadaka walitakiwa kuendelea na toba, wapewe amani saa ya kufa. Muda mfupi baadaye, dhuluma nyingine ilipoonekana kukaribia chini ya Kaisari Gallus, maaskofu 42 wa Afrika walilegeza uamuzi huo wakawapokea wote waliokuwa wakitubu kwa dhati. Sababu waliyoitoa ni nzuri mno: haiwezekani kumwita mtu akamwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku unamnyima Damu ya Kristo.

Wapo waliochukizwa kwa sababu uamuzi ulikuwa mkali, wakamfuata shemasi Felicissimus. Wapo waliochukizwa kwa sababu ulikuwa laini, wakamfuata Novatianus, padre wa Roma aliyejifanya Papa dhidi ya Papa Korneli na kufundisha kwamba Kanisa halina uwezo wa kumsamehe aliyeikana imani. Sipriani alisimama na Korneli, na ndiyo maana majina yao yameshikamana mpaka leo.

Je, ni yeye aliyesema “nje ya Kanisa hakuna wokovu”?

Ndiyo, maneno hayo yanatoka katika barua yake juu ya ubatizo, na yanafanana na yale mengine yanayojulikana sana, yaliyomo katika andiko lake juu ya umoja wa Kanisa, kwamba hawezi kuwa na Mungu kama Baba yule asiye na Kanisa kama mama. Ni muhimu kuyasoma mahali yalipoandikwa. Sipriani hakuwa akizungumza juu ya watu ambao hawajawahi kusikia Injili. Alikuwa akiwaambia Wakristo waliokuwa wakianzisha altare nyingine kando ya altare ya askofu wao, katika mji uleule, kwamba wanalipasua vazi la Kristo lisilo na mshono. Anayeyachomoa maneno hayo ili kuwahukumu jirani zake wa dini nyingine anayapa kazi ambayo mwenyewe hakuyapa.

Kwa nini kuna ugonjwa unaoitwa “Tauni ya Sipriani”?

Kwa sababu yeye ndiye aliyeueleza vizuri zaidi. Katika miaka ya 250 maradhi ya kuambukiza yalienea katika dola yote, na mahubiri yake juu ya kifo yanataja dalili zake: kuhara kunakomaliza nguvu za mwili, vidonda kooni, kutapika kusikokoma, macho kuwaka kwa damu, miguu au viungo vingine kuoza, na wengine kubaki viziwi au vipofu. Ponsio anasimulia mji ulioingiwa na hofu, watu wakiwakimbia ndugu zao na kuwatupa nje wagonjwa, na maiti zikilala barabarani.

Sipriani aliwakusanya Wakristo akawagawia kazi kila mtu kwa uwezo wake, wengine kwa fedha na wengine kwa mikono, na akawaambia kwamba kuwasaidia ndugu zao tu si jambo la kushangaza, kwa kuwa hata watoza ushuru hufanya hivyo. Wawasaidie na wapagani. Hao ndio waliokuwa wamepiga kelele atupiwe simba. Wakati huohuo mtu mmoja aitwaye Demetrianus alikuwa akieneza kwamba tauni, ukame na vita vimeletwa na Wakristo kwa kuikataa miungu, na Sipriani alimjibu kwa maandishi makali.

Ukarimu huo haukuishia kwenye tauni. Washambuliaji walipowateka Wakristo wa Numidia, eneo jirani upande wa magharibi, Kanisa la Karthago lilichanga sarafu 100,000 za Kirumi ziitwazo sesterti ili kuwakomboa, na Sipriani aliambatanisha orodha ya majina ya waliochanga ili maaskofu wa huko wawakumbuke katika sala.

Ni kweli kwamba aligombana na Papa?

Ni kweli, na hakuna faida ya kulificha. Swali lilikuwa hili: mtu aliyebatizwa na wazushi au waliojitenga, akitaka kuingia katika Kanisa, abatizwe tena? Sipriani alisema kwamba hawezi kubatizwa “tena” kwa kuwa alichopewa kule hakikuwa ubatizo. Papa Stefano alishikilia desturi ya Roma ya kumwekea mikono tu. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Karthago, na rai ya kila mmoja ikaandikwa, wote wakiwa upande wa Sipriani, ambaye alifungua kikao kwa kusema kwamba hakuna miongoni mwao anayejifanya askofu wa maaskofu. Firmilianus, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alimwandikia kumuunga mkono kwa maneno makali kuliko yake.

Hatimaye msimamo wa Roma ndio uliokubaliwa, na Sinodi ya Arles ya mwaka 314 ikaamua hivyo kwa ajili ya Waafrika. Wadonati, waliojitenga na Kanisa la Afrika katika karne ya 4, walimtumia Sipriani kama shahidi wao mkuu, na Mtakatifu Augustino alilazimika kuandika kurasa nyingi kueleza kwamba Sipriani alikosea katika hoja lakini hakuwahi kuuvunja umoja kwa ajili ya hoja yake. Naona Augustino alimsoma kwa haki. Katika barua za ugomvi huo Sipriani anarudia kwamba halazimishi mtu, na kwamba kila askofu atatoa hesabu yake mbele za Bwana.

Alikufaje?

Tarehe 30 Agosti 257, kwa amri ya Kaisari Valerianus, aliitwa mbele ya liwali Aspasius Paternus. Alisema yeye ni Mkristo na askofu, na kwamba Mungu wanayemtumikia ndiye wanayemwomba usiku na mchana kwa ajili ya watu wote na kwa ajili ya usalama wa wafalme wenyewe. Alipotakiwa kuwataja mapadre wake, alikataa, akamkumbusha liwali kwamba sheria za Kirumi zenyewe zinakataza uchongezi. Alihamishiwa Curubis, mji mdogo wa pwani ambao leo unaitwa Korba, na kutoka huko aliwatumia msaada maaskofu, mapadre na waumini waliohukumiwa kuchimba migodi Numidia.

Mwaka uliofuata ilitoka amri ya pili, kali zaidi: viongozi wa Kanisa wauawe. Papa Sisto II aliuawa tarehe 6 Agosti 258. Sipriani, aliyekuwa amerudishwa na kukaa katika bustani zake, alisikia kwamba askari wanakuja kumpeleka Utika alikokuwa liwali mpya, Galerius Maximus. Hapo alijificha kwa muda mfupi, na katika barua yake ya mwisho kwa watu wake alieleza kwamba inafaa askofu amkiri Bwana katika mji ule anaouongoza, watu wake wakiwapo. Liwali alipofika Karthago, Sipriani akajitokeza.

Alikamatwa tarehe 13 Septemba, lakini shauri likaahirishwa hadi kesho yake. Alilala nyumbani kwa mmoja wa maofisa waliomkamata, na umati wa waumini ukakesha nje ya mlango. Yeye, katika usiku wake wa mwisho, alitoa agizo wasichana waliokuwa katika umati ule walindwe. Asubuhi alitembezwa mpaka kwenye kikao, akafika amelowa jasho. Askari mmoja, ambaye Ponsio anasema zamani alikuwa Mkristo, alimpa nguo zake kavu abadilishe, akitamani kubaki na zile za mfiadini. Sipriani alimjibu kwamba haina maana kutibu maumivu ambayo huenda leo hii yatakuwa yamekwisha. Katika habari zote za siku ile, mimi hukaa zaidi kwa yule askari, mmoja wa walioanguka, akimsogelea askofu wao kwa mara ya mwisho.

Mazungumzo ya mahakama yalikuwa mafupi.

“Wewe ndiwe Thascius Cyprianus?”

“Ndimi.”

“Wafalme watakatifu wamekuamuru utoe sadaka.”

“Sitoi.”

“Jifikirie.”

“Fanya ulichoagizwa. Katika jambo la haki kiasi hiki hakuna la kufikiria.”

Liwali alishauriana na baraza lake, akasoma hukumu kwamba auawe kwa upanga. Sipriani akasema, “Deo gratias,” yaani Mungu ashukuriwe, na waumini wakapiga kelele wakitaka wakatwe vichwa pamoja naye. Alipelekwa uwanjani, watu wengine wakapanda miti ili wamwone, kama Zakayo, asema Ponsio. Alivua joho lake, akapiga magoti akasali, akavua na vazi la ndani akawapa mashemasi. Aliamuru mnyongaji wake alipwe vipande 25 vya dhahabu. Waumini walitandaza vitambaa mbele yake. Alitaka kujifunga macho mwenyewe, na aliposhindwa kufunga mikono yake, padre Julianus na shemasi mdogo mwenye jina hilohilo walimfunga. Usiku walimchukua kwa mishumaa na mienge, wakimsindikiza kwa sala na kwa shangwe, wakamzika katika eneo la makaburi kwenye njia ya Mappalia.

Kumbukumbu yake ni lini?

Kanisa Katoliki la Kilatini humkumbuka tarehe 16 Septemba pamoja na Korneli, kwa kuwa tarehe 14 ni Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Waorthodoksi humkumbuka tarehe 31 Agosti. Asichanganywe na Sipriani wa Antiokia, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mchawi kabla ya kuongoka. Vitabu vya uganga vinavyouzwa kwa jina la “Sipriani” havimhusu askofu wa Karthago kwa namna yoyote.

Ana uhusiano wowote na Kanisa la Afrika Mashariki?

Upo uhusiano wa kihistoria. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, yaani wale Mapadre Weupe walioingia Uganda mwaka 1879 na kueneza imani magharibi mwa Tanzania, Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo, alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, na mwaka 1884 kiti cha Karthago kilipofufuliwa alipewa yeye. Kwa hiyo parokia nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika zilianzishwa na watu waliotumwa na mrithi wa kiti cha Sipriani.

Mtu anayetaka kumsoma aanzie wapi?

Aanze na maelezo yake ya Sala ya Bwana, andiko fupi na lenye upole, ambamo anakumbusha kwamba hatusemi “Baba yangu” wala “nipe leo mkate wangu”, kwa sababu sala yetu ni ya watu wote. Wanaosali Liturujia ya Vipindi hukutana na sehemu kubwa ya andiko hilo katika Kipindi cha Masomo cha juma la 11 la mwaka. Baada yake afuate andiko juu ya walioanguka, kisha barua, hasa zile za mafichoni za mwaka 250. Andiko juu ya umoja wa Kanisa, ambalo ndilo mashuhuri zaidi, ni vema likasomwa baada ya barua hizo, maana sura yake ya nne imetufikia katika matoleo mawili yanayotofautiana kuhusu nafasi ya Petro, na msomaji ambaye hajazijua habari za Felicissimus, Novatianus na Stefano atashindwa kuelewa kwa nini kila neno la sura hiyo limebishaniwa kwa karne nyingi.